Steam Deck OLED: bora fremu 40 zilizotulia kuliko 60 za kuyumbayumba

Wakuu habari za humu. Nimekaa na hiki kidude muda wa kutosha sasa, ile raha ya kitu kipya imeshapoa, kwa hiyo naweza kukiongelea kwa akili iliyotulia. Ni Steam Deck OLED, kompyuta ya gemu ya kushika mkononi ya Valve, wenye duka la gemu la Steam, iliyotoka Novemba 2023, skrini inchi 7.4 yenye hezi 90 (yaani inaweza kubadilisha picha mara 90 kwa sekunde), yangu ni ya GB 512 ambayo kwao ilianza kuuzwa kwa dola 549. Kila nikimwonesha mtu, hata kabla hajaishika, swali ni lile lile: inatoa fps ngapi? Ukimjibu kwamba gemu nzito naicheza fremu 40 unaona uso umebadilika kabisa, utadhani umemwambia umenunua gari lisilopanda mlima. Sasa hii rivyu nataka niende moja kwa moja kwenye fremu, maana naona watu wanamwaga hela nyingi kwenye mashine, au wanaacha mashine nzuri, kwa sababu ya namba ambayo hawajaangalia inapima nini.

Hesabu yenyewe ni ndogo. Fps ni fremu, yaani picha, ngapi zinapita kwa sekunde, sawa, lakini jicho na mkono havihesabu picha, vinahisi muda unaopita kati ya picha moja na inayofuata. Fremu 30 kila picha inakaa milisekunde 33.3, fremu 60 inakaa 16.7, fremu 40 inakaa 25. Angalia vizuri hapo, 25 iko katikati kabisa ya 33.3 na 16.7. Yaani ukipanda kutoka 30 hadi 40 umepunguza milisekunde 8.3, ukipanda kutoka 40 hadi 60 umepunguza 8.3 zile zile, zile fremu 10 za mwanzo zina faida sawa na 20 zinazofuata, na ukiendelea kupanda ndio bei inazidi kuwa mbaya, kutoka 60 hadi 120 unapata tena hiyo hiyo 8.3 kwa kuongeza fremu 60 nzima. Watengeneza gemu Insomniac walilitumia hili mwaka 2021, wakaweka modi ya fremu 40 kwenye Ratchet & Clank: Rift Apart ya PS5, kwa wenye TV za hezi 120.

Kwa nini TV iwe ya hezi 120? Kwa sababu 120 inagawanyika kwa 40, kila picha inaoneshwa mara tatu, zinakaa muda sawa zote. Kwenye skrini ya hezi 60 fremu 40 hazigawanyiki, kwa hiyo picha moja inakaa 16.7, inayofuata inakaa 33.3, kisha 16.7 tena, 33.3 tena, na ukizungusha kamera unaona dunia inatetemeka ingawa kaunta ya fps pembeni inasoma 40 bila kuhama. Watu wengi wanaosema "40 ni mbaya nimejaribu" wamejaribu hivyo, kwenye monita ya 60, na kwa kweli walichokiona kilikuwa kibaya, sio uongo.

Hapa ndipo Deck iliponikamata. Kuna kitufe cha nukta tatu chini ya mkono wa kulia, ukikibonyeza inafunguka menyu pembeni, unaenda kwenye utendaji, kuna kipimo cha kuburuta, unachagua kikomo cha fremu na skrini yenyewe inajipanga kufuata. Ukiweka 45 skrini inakaa hezi 90, kila picha mara mbili. Ukiweka 40 inashuka hezi 80. Ukiweka 30 inakaa 90, kila picha mara tatu. Ukiweka 60 inakuwa hezi 60. Huhitaji kuingia kwenye setingi za gemu wala kuanza upya chochote, na ukiwasha profaili ya kila gemu inakumbuka kwa kila gemu peke yake. Kwenye PC ya mezani kufanya haya unahitaji programu za pembeni na uvumilivu, hapa mtu asiyejua kabisa kompyuta anaweza.

Na ukiongeza ngazi ya ile kaunta ya juu unapata mchoro wa muda wa fremu, kamstari kembamba kanakotembea kutoka kulia kwenda kushoto. Nawaomba sana muangalie hako kamstari kuliko ile namba kubwa. Nikicheza Elden Ring bila kikomo, ile sehemu ya mwanzo ya Limgrave, namba inacheza kwenye thelathini na kitu mpaka karibu na hamsini, wastani wake ukiusoma ni mzuri tu, ila kamstari kanapanda kanashuka kama meno ya msumeno, na kila kanapopanda mkono unahisi, farasi anakuwa kama amejikwaa. Nikishusha setingi mbili tatu, vivuli na majani, nikafunga 40, kamstari kanalala. Wastani ni ule ule au hata umeshuka, ila gemu imekuwa kitu kingine.

Hiyo Elden Ring yenyewe ina historia inayohusu hili. Ilitoka Februari 25, 2022, siku zile zile Deck za kwanza zilipokuwa zinaanza kwenda kwa wateja. Kwenye PC imefungwa, haivuki 60 hata uwe na kadi gani, na hata hiyo 60 watu wenye mashine za bei mbaya walikuwa wanalalamika gemu inaganda ghafla katikati ya mapigano, kwa sababu kompyuta ilikuwa inaandaa sheda, vile viprogramu vya kuchora mwanga na sura za vitu, wakati unacheza. Wahandisi wa Valve wakaingia upande wao, kwa sababu Deck zote vifaa ni vile vile waliweza kukuletea sheda zikiwa tayari zimeandaliwa, na wakarekebisha pia namna mfumo unavyoshughulikia kumbukumbu kwenye gemu hiyo. Ikawa kidude cha mkononi cha fremu thelathini na kitu hakigandi, na lile jiPC la milioni kadhaa linaganda. Ukiuliza kaunta inakwambia PC imeshinda, ukimuuliza anayecheza anakupa jibu jingine.

Sasa tuje kwa watu. Kuna rafiki yangu mmoja ni wa Counter-Strike, ile gemu ya kupigana risasi, tangu enzi za toleo la 1.6, ana monita ya hezi 240 nyumbani, kwake chini ya 144 sio gemu ni maonesho ya picha. Wengi wakimsikia wanasema anajidai, jicho la mtu halioni zaidi ya 60, sijui 24 kama sinema. Hayo maneno tuyaache jamani. Sinema inaenda 24 na inapendeza kwa sababu kamera inarekodi mwendo ndani ya kila picha, mkono ukipita unaacha ukungu, na wewe umekaa tu hushiki chochote. Kwenye gemu kila picha ni kali na wewe ndiye unayeendesha. Na jamaa yangu yuko sahihi kabisa kwa gemu yake. Chukua mausi, umesikia hatua nyuma yako, unageuka nyuzi 180 kwa robo sekunde. Kwa fremu 40 hiyo robo sekunde ina picha 10 tu, kila picha inaruka nyuzi 18, adui anaweza akawa kati ya picha mbili na usimwone alipopita. Kwa fremu 240 hiyo robo sekunde ina picha 60, kila moja nyuzi 3. Hapo hakuna mjadala, na ndio maana wanaocheza kwa hela wanatumia monita za hezi 360 na 540.

Lakini yule yule jamaa nikampa Deck akacheza Elden Ring kwenye 40, akakaa nayo jioni nzima hajalalamika, na mtu huyo ana jicho la kuona fremu moja ikipotea. Sababu naiona hivi, pale hakuna mausi, kuna stiki, na stiki kugeuza kamera nyuzi 180 inachukua kama sekunde nzima. Kwa fremu 40 ndani ya hiyo sekunde una picha 40, kila moja nyuzi 4 na nusu, jicho linafuata vizuri. Ongeza kwamba skrini ni inchi 7.4, kile kinachoruka sentimita mbili kwenye monita kubwa hapa kinaruka milimita chache. Kwa hiyo mtu yule yule, siku ile ile, anahitaji 240 kwa kitu kimoja na anatosheka na 40 kwa kitu kingine, na anayemwita mbishi hajamsikiliza.

Upande wa pili kuna dada yangu, yeye anacheza apumzike baada ya kazi, Stardew Valley na Hades ndio zake, fps hajui ni nini na hataki kujua. Wanasema watu kama yeye hawaoni tofauti, eti wape 20 watashukuru. Sikubali hata kidogo. Alipohamia Baldur's Gate 3 alienda vizuri mpaka sehemu ya tatu, ile ya mjini, akaja kuniambia "mbona siku hizi inavuta, imeharibika?" Nikawasha kaunta, inaruka kati ya 24 na 38, kamstari kamechafuka kama mtu kaandika kwa kukasirika. Nikapunguza wingi wa watu mitaani kwenye setingi, nikashusha vivuli, nikafunga 30. Akasema imepona. Ona sasa, hakuomba 60, hajawahi kuomba namba yoyote, yeye alichokuwa anahitaji ni kwamba akibonyeza kitu kijibu muda ule ule kila mara. Baadaye Septemba 2025 Larian, watengenezaji wake, wakatoa toleo la gemu hiyo lililotengenezwa kwa ajili ya Deck yenyewe, nalo likapunguza mzigo, ila pale mjini mimi bado namfungia 30.

Na tusisahau tulikotoka. GTA San Andreas ya PC ina kikomo ndani yake kinachoifunga kama fremu 25, na kizazi kizima hapa kwetu kimeimaliza hivyo hivyo kwenye kompyuta za kafe, na ukizima hicho kikomo fizikia inaharibika, CJ, mhusika wake mkuu, akiingia majini anaogelea polepole mpaka unakata tamaa. Watu wanaosema 30 haichezeki leo, wengi wao walicheza 25 wakiwa na furaha. Simaanishi turudi huko, ukishazoea 60 kwenye gemu ya mbio kushuka ni mateso kweli, nasema tu kwamba matarajio yanatokana na ulichozoea, skrini uliyonayo na gemu unayocheza, hakuna namba moja ya watu wote. Valve wenyewe mwaka 2021, kabla kidude hakijatoka, walisema 30 ndiyo sakafu yao ya kuita gemu inachezeka. Sakafu naikubali. Ila mimi nikipata nafasi siishi kwenye sakafu, napanda 40 au 45 na nabaki hapo.

Gemu nyepesi ni habari nyingine kabisa. Hades kwenye 90 na rangi za hii OLED, weusi wake ule, aisee. Hollow Knight vile vile. Ukitoka 60 kwenda 90 unasikia kwenye kidole kabla hujaona kwa jicho, ile kuruka na kukwepa inakuwa karibu zaidi na wewe. Ndio pekee ninapoweza kusema ukiwa na Deck ya kwanza, ile ya LCD ya 2022 yenye hezi 60, kuna kitu cha kweli unakosa.

Kuna jambo la fremu za kutengenezwa nalo watu wanaulizia sana. Nvidia walipoleta DLSS 3 mwaka 2022 na AMD wakafuata na FSR 3 mwaka 2023, mashine ikaanza kuchora picha za kati kwa kukisia, namba inapanda mara mbili. Januari 2025 bosi wa Nvidia akasimama jukwaani akasema kadi yao mpya ya RTX 5070 itakupa nguvu ya RTX 4090, ile kadi kubwa ya kizazi kilichotangulia, kumbe hesabu ni ya hizo hizo picha za kukisiwa. Kwa mtu mwenye fremu 70 za kweli, kuzifanya zionekane 140 ni kitu kizuri, nimeona, kinateleza. Kwa Deck yenye fremu 25 za kweli usidanganyike, kaunta itasoma 50 lakini mkono wako bado unajibiwa kwa kasi ya 25, tena na ucheleweshaji kidogo juu yake, na pembeni mwa mhusika picha zinayeyuka. Bora ushushe setingi ufunge 30 ya kweli.

Betri nayo inaingia humu humu. Hii OLED ina betri ya saa-wati 50, ile ya kwanza ilikuwa 40. Mashine nzima ikila wati 20 unapata masaa mawili na nusu, ikila wati 12 unapata manne na zaidi, na njia rahisi ya kushusha hizo wati ni kupunguza fremu, kila picha usiyochora ni umeme uliobaki. Ukiacha gemu nzito ikimbie bila kikomo feni inalia, mgongo wa kidude unachemka, na zile fremu za ziada huzioni kwa sababu zinayumba. Umeme ukikatika jioni na hujui unarudi saa ngapi, hii sio nadharia. Joto pia muwe makini, Valve wanasema mazingira yasizidi nyuzi 35, na Dar mchana wa Januari kwenye chumba kisicho na feni unakaribia hapo, usiiweke juu ya mto au godoro ukaziba matundu ya nyuma.

Mabaya yake niyaseme bila kuficha. Skrini yake ya ndani haina ule uwezo wa kufuata fremu zinavyobadilika, ule ambao monita nyingi za siku hizi zinao, kwa hiyo kazi ya kutuliza fremu unaifanya wewe kwa hicho kikomo, na kuna gemu hazitulii hata ufanye nini. Kikomo cha mfumo kinaongeza ucheleweshaji kidogo kwenye mkono, ukiwa mtu wa gemu za ngumi utausikia, tumia kikomo kilichomo ndani ya gemu yenyewe kama kipo. Counter-Strike 2 inawaka na inacheza, ila moshi ukirushwa fremu zinaporomoka, wewe wa kukomaa usinunue Deck kwa ajili hiyo. Na kubwa zaidi kwetu sisi watu wa mpira, EA FC haichezeki kwenye mfumo wake, ambao ni Linux, tangu FIFA 23 ule ulinzi wao wa kuzuia udanganyifu kwenye gemu haukubali Linux. Fortnite hamna, Valorant hamna. Ukiangalia utaona hizo ndizo gemu ambazo watu wanagombania fremu 144 na kuendelea, kwa hiyo Deck imejichagulia watu wake, na wale wengine bora waweke hela kwenye PC ya mezani na monita ya hezi 144 waachane na hili kabisa.

Kununua. Valve hawauzi rasmi Afrika, kwa hiyo utaipata kupitia mtu anayetoka Marekani, Ulaya au Dubai, au kwa wafanyabiashara wanaoagiza, bei inapanda kwa usafiri na ushuru, na waranti ujue ikiharibika ni wewe na fundi wako. Ukiipokea iwashe mbele ya muuzaji, jaribu stiki zote mbili, vitufe vya nyuma, chaji yake ya wati 45 iwe ya kwake. Gemu ni nzito kwa bando, Baldur's Gate 3 inakula karibu GB 150, ila kama una PC nyumbani yenye Steam, au jirani anayo, mkiwa kwenye Wi-Fi moja Deck inavuta gemu iliyopo kwenye ile PC badala ya kuipakua upya kwa intaneti, hiyo imeniokolea hela nyingi sana.

Bajeti ikiwa ndogo tafuta ile ya LCD iliyotumika, usione aibu. Tangu apdeti ya 2022 nayo inaweza kushusha skrini hadi hezi 40, kwa hiyo fremu 40 zilizotulia utazipata vile vile, utakosa weusi wa OLED, ile 90 na lisaa hivi la betri. Ukikuta ya GB 64 bei iko chini sana, jua hifadhi yake ni ya aina ya polepole, hesabu na bei ya SSD (diski ya kasi) ndogo ile ya saizi 2230, unafungua skrubu nane za nyuma na fundi yeyote wa laptopu anayejua kazi yake anakubadilishia.